Namba za Laare

Alhamisi, 15 Februari 2018

Nimepata! Nimesoma barua mara nne na bado siamini. PhD, miaka mitatu, nusu ya kila mwaka hapa Embu na nusu Denmark. Jina langu limeandikwa sawasawa: Igoki Nthiga. Waombaji hamsini na kitu, wamechukua wawili. Mimi! Mtoto wa mchuma chai wa Kibugu!

Profesa Riungu aliniita ofisini saa nne asubuhi, akanipa karatasi bila kusema neno, akageukia dirisha. Nilidhani nimefutwa kazi. Kumbe mzee anaficha machozi. Ndiye aliyeanzisha ushirikiano wetu na chuo cha Denmark miaka tisa iliyopita, akiwa na chumba kimoja na kompyuta moja mbovu. Anastaafu mwaka ujao. Amesema nikimaliza nitakuwa mhadhiri kamili, na anataka kuniona nikifundisha kabla hajafa. Nikamwambia asiseme hivyo.

Celina amepiga simu kutoka kule. Mayowe mpaka mume wangu Elphas akayasikia akiwa jikoni! Tulikaa chumba kimoja hosteli miaka minne, tukaingia kwenye mradi siku moja. Yeye alimaliza PhD mwaka jana kwa mradi huuhuu, sasa ni mtafiti hukohuko. Ati ameshanitafutia koti la baridi.

Kazi ni kuendelea na watu wetu walewale wa presha: wachuma chai wa Kibugu, wafanyakazi wa mashamba ya maua Timau, wakulima na wafanyabiashara wa miraa Laare. Mradi ulikuwa unawapima na kuwapa dawa kila miezi mitatu. Sasa nitawafuata miaka mitatu zaidi, lakini kwanza kila mmoja atie sahihi upya kwamba amekubali. Nitaanza na Laare. Ndiko mbali, na sijakanyaga huko tangu nipate mtoto.

Mwanangu Kaari ametafuna kona ya barua. Amekula muhuri. Acha ale.


Jumanne, 27 Februari 2018. Laare

Niandike polepole.

Kiambi alinipokea stendi. Ni mhudumu wa afya wa kijiji, yeye ndiye hutupeleka nyumba hadi nyumba. Leo hakunitania. Alinisalimia kama mtu wa serikali. Nikadhani ni baridi tu, ukungu ulikuwa bado umelala juu ya miraa.

Nyumba ya kwanza: Idrisi, mwenye bucha karibu na msikiti. Namkumbuka sana. Mtu wa maneno! Kila nikimfunga mkanda wa mashine alikuwa akisema, "Polepole daktari, huo ndio mkono wangu wa kukata nyama." Kwenye tablet yangu namba zake ni nzuri kuliko za mtu yeyote Laare. Novemba 2016, 126 kwa 80. Februari 2017, 124 kwa 78. Mei 2017, 122 kwa 78. Nilimchagua wa kwanza makusudi ili siku ianze vizuri.

Bucha imefungwa. Mkewe, Mama Hidaya, akatupeleka ndani. Idrisi ameketi kitini, amefungwa leso kifuani asianguke. Upande wa kulia wote umekufa. Mdomo umevutwa kando.

Nikamsalimia. Akasema, "Sawa."

Nikamuuliza Mama Hidaya ilikuwa lini.

"Januari ya mwaka jana. Alikuwa anakatia mteja mbavu. Kisu kikaanguka, na yeye akafuata."

Januari. Nikaangalia tablet. Nikaangalia ule mkono uliolala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Februari, mkono wa kulia, 124 kwa 78. Januari alianguka — Februari akapimwa — na mpimaji asiandike hata neno moja kuhusu kiharusi?

Nikasema labda mwenzangu alipokuja kupima...

"Mwenzako nani?" Mama Hidaya akanikata. "Hapa hakuja mtu! Ulienda na tumbo lako ile Agosti, ukasema mtarudi baada ya miezi mitatu. Dawa zikaisha Novemba. Tukangoja. Nikimwambia twende hospitali ya Maua, anasema ngoja, watu wa Embu watakuja, walisema watakuja. Mlikuwa wapi?"

Nilisimama tu na fomu zangu za sahihi.

"Sawa," Idrisi akasema tena. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu.


Jumatano, 28 Februari 2018. Laare

Tumewazungukia wote, mimi na Kiambi, siku mbili, kuanzia saa moja asubuhi. Kwenye orodha wako arobaini. Thelathini na mmoja wapo. Watatu wamehama. Sita wamekufa.

Sita! Na kwenye kompyuta hakuna hata mmoja aliyekufa. Mzee Ishmael alizikwa Desemba 2016, nimeonyeshwa kaburi katikati ya miraa yake, limeshaota nyasi. Februari 2017 ana 118 kwa 76. Maiti yenye presha nzuri.

Kila niliyemuuliza amejibu vilevile. Hakuna aliyekuja baada ya Agosti 2016. Si Novemba, si Februari, si Mei. Mizunguko mitatu, watu arobaini, vipimo mia na ishirini. Vyote vimetungwa!

Kiambi alinieleza hili akiwa amesimama barabarani, haniangalii. Alipiga simu Embu mara mbili. Mama mmoja wa ofisini akamjibu kwamba asiwe na wasiwasi, Laare inaendelea vizuri, namba zinaonyesha. Akauliza namba gani. Simu ikakatwa.

Na ndiyo, ripoti ya Juni ilisema hivyohivyo. Laare wameshuka presha kuliko Kibugu na Timau, kwa hiyo hawahitaji tena ziara, na mashine zao zipelekwe Timau. Nilikuwa kwenye kile kikao. Nilipiga makofi.

Sijala. Mwenye lojing ameniletea chai nimeiacha ikapoa.


Alhamisi, 1 Machi 2018

Nimerudi Embu. Kuna jambo nimelizunguka siku mbili na hata hapa, ambapo hakuna anayesoma ila mimi, nimeshindwa kuliandika.

Kila kipimo kwenye kompyuta kina alama ya aliyekiingiza. Mei 2017, mimi nikiwa nimepangiwa Kibugu, ni alama ya Celina. Novemba na Februari ni alama yangu.

Mimi! Novemba nilikuwa wodini na Februari nilikuwa nyumbani nanyonyesha.

Haya, niandike. Oktoba 2016 presha yangu mwenyewe ilipanda, wakanipasua mimba ikiwa na wiki thelathini na tatu. Masharti ya mradi yalikuwa wazi, ukikosa mizunguko miwili nafasi yako anapewa mwingine. Celina akaja kuniona. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akanishika mguu, akasema nimpe paswadi. Ataenda Laare badala yangu na kuingiza kwa jina langu. Hakuna atakayejua.

Nikampa. Nikamshukuru huku nalia. Nikamwambia wewe ni dada yangu.

Namba sikujua. Naapa sikujua! Lakini jina nilijua. Nilijua litakuwa la uongo, na sikusumbuka hata kidogo. Na mwaka jana kwenye barua ya kuomba nafasi hii nikaandika kwa mkono wangu kwamba nimekusanya data miaka mitatu bila kukosa mzunguko hata mmoja.

Elphas ananiuliza kama naumwa. Nimesema ni vumbi la safari.


Jumamosi, 3 Machi 2018

Nimempigia Celina. Nilimwambia nimetoka Laare. Nikadhani mtandao umekatika.

Kisha akauliza, "Umemwambia nani?"

Hakuuliza nimeona nini! Sikutaka ushahidi mwingine.

Anasema alienda. Novemba alifika mpaka mji wa Maua, mvua kubwa, barabara ya juu imekatika, akalala pale, akarudi. Rasimu ya tasnifu yake ilitakiwa Desemba, na Denmark walikuwa wameshamwambia akichelewa nafasi ya utafiti inaenda kwa mwingine. Akawaza: watu wanameza dawa, presha inashuka, Kibugu inashuka, Timau inashuka, Laare itafanya nini tofauti? Akachukua namba za Kibugu akazipunguza kidogo. Alikuwa na nia ya kwenda Februari. Februari akaona aibu kuanza kueleza Novemba. Mei ikawa tabia.

"Lakini dawa, Celina. Hata dawa hukuwapelekea."

Akasema aliziacha kwenye stoo ya mradi. Sanduku zima. Nami nimepita mbele ya mlango wa ile stoo kila siku.

Nikamwambia kuhusu Idrisi. Nikamwambia kuhusu wale sita. Akaanza kulia, kilio cha kweli, namjua. Halafu katikati ya kilio akasema kitu ambacho sijakiamini hadi sasa.

"Nilikuokoa, Igoki. Hiyo barua uliyonayo mkononi ni mimi nilikupa. Na ukiwaambia, jina watakalolikuta ni lako."

Nimekata simu. Nimekaa kwenye ngazi ya nyuma mpaka Kaari akaja kunivuta sketi.


Jumatatu, 5 Machi 2018

Nilimwambia Profesa Riungu yote. Pamoja na paswadi. Nilijiandaa kwa hasira yake. Hakukasirika.

Alivua miwani akaifuta muda mrefu. Akaniuliza nani mwingine anajua. Hilo swali tena! Kisha akaanza kupanga, kwa upole, kama anayenisaidia na hesabu. Tuitoe Laare yote. Tuseme wahusika walipotea, mawasiliano yalikatika, jambo la kawaida katika utafiti. Kibugu na Timau ni safi. Makala tuliyochapisha irekebishwe aya mbili. Profesa Bodil wa Denmark anakuja tarehe 22 kutia sahihi awamu ya pili. Nafasi kumi na mbili za masomo kwa vijana wetu, maabara, miaka mitano.

"Utawafungia vijana kumi na wawili mlango, mwanangu? Wao wamekosa nini?"

Nikasema, "Na watu wa Laare, Profesa?"

Akarudisha miwani. Akasema kwa sauti ya chini sana, "Mimi namba za Laare niliona zilikuwa nzuri mno. Niliona tangu mwanzo. Sikuuliza."

Sikuuliza! Mtu aliyenifundisha kuuliza! Aliyekuwa akinirudishia karatasi imejaa wino mwekundu, hii umeitoa wapi, hii nani aliiona. Nilitazama mikono yake juu ya meza. Mikono ya mzee. Nilitoka bila kuaga, na hilo sijawahi kumfanyia.


Jumatano, 7 Machi 2018

Nilifundisha kwa saa mbili. Mada ilikuwa maadili ya utafiti. Iko kwenye ratiba tangu Januari, si mimi niliyeipanga. Wanafunzi wakaandika kila neno.


Jumamosi, 10 Machi 2018

Nilienda Laare tena. Sikumwambia mtu ila Elphas. Nilimweleza yote jana, akasema tu, "Basi nenda kwanza kwa mwenyewe." Ni mwalimu wa shule ya msingi, mkopo wa kiwanja tuliuchukua tukitegemea nafasi hii. Hakuutaja. Nilingoja autaje.

Mama Hidaya alinikaribisha nje, kwenye kigoda, hakutaka niingie. Nikamwambia kwamba namba za mumewe ziliandikwa na mtu aliyekaa Embu, kwa jina langu, na kwamba nilikubali jina langu litumiwe. Na kwamba kwa sababu ya hizo namba nzuri, mradi uliona Laare mmepona. Na kwamba dawa zenu zilikuwa stoo.

Nilitarajia matusi. Nilitaka matusi.

Akaniangalia kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo. "Mliandika amepona?"

"Ndiyo, mama."

"Akiwa amelala hapa ndani, namgeuza kama mtoto. Huko kwenu amepona."

"Ndiyo."

Akasimama. "Njoo umwambie mwenyewe. Mimi si yeye."

Nilimfuata ndani. Nilipiga magoti mbele ya kiti cha Idrisi nikarudia maneno yote kuanzia mwanzo. Alisikiliza. Akili anayo, macho yake yalikuwa yananifuata neno kwa neno. Nilipofika kwenye stoo, machozi yakamtoka kwenye jicho la kushoto. La kulia halikutoa kitu.

"Sawa," akasema. "Sawa. Sawa. Sawa."

Nikashika mkono wake. Nilitaka kusema asante, nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Usiichukue hiyo," Mama Hidaya akasema nyuma yangu. "Hiyo ndiyo neno moja lilibaki. Akitaka maji ni sawa. Akichomeka ni sawa. Akinitukana ni sawa. Usiende nayo Embu useme mzee amekusamehe."

Nimefika nyumbani saa kumi na moja. Nimeoga mara mbili.


Alhamisi, 22 Machi 2018

Leo. Profesa Bodil alifika saa tano, na kikombe chake cha bati anachotembea nacho kila mahali, akawakumbatia hata walinzi. Amekuwa akija hapa miaka tisa. Anajua majina ya watoto wetu. Akauliza Kaari ana meno mangapi!

Nilikuwa nimechapisha orodha. Watu arobaini, kila mmoja na alichoandikiwa, na pembeni nilichokikuta kwa macho yangu. Mbele ya Profesa Riungu nikamkabidhi, nikasema kwamba namba za Laare ni za uongo na alama ya kuingizia ni yangu. Kiingereza changu kilivunjika katikati. Nikaendelea hivyohivyo.

Alisoma ukurasa wa kwanza amesimama. Wa pili akakaa. Alifika kwa mzee Ishmael, akaweka kidole kwenye tarehe ya kuzikwa, kisha kwenye tarehe ya kupimwa, akarudi kwenye ya kuzikwa. Uso wake ulikuwa mweupe siku zote lakini leo niliona chokaa.

Akamgeukia Profesa Riungu. Nilijua atakachosema mzee: kwamba ndiyo kwanza anasikia. Nilikuwa hata nimeshamsamehe moyoni.

Akasema, "Ni kweli. Na mimi nilishuku zaidi ya mwaka, nikanyamaza."

Nilishtuka kuliko siku ile ya Idrisi, sijui kwa nini. Mzee alikuwa amevaa suti ya sherehe. Tai nyekundu.

Bodil hakupiga kelele. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi peke yake, nusu saa. Aliporudi alizungumza kama anasoma: makala itaondolewa. Hakuna sahihi kesho. Nafasi kumi na mbili zimesimamishwa mpaka uchunguzi uishe. Nafasi yangu imesimamishwa leo hii. Celina ataitwa. Kisha akaongeza kwamba tasnifu ya Celina, aliyoisimamia yeye mwenyewe, iliyopewa tuzo, ilijengwa juu ya namba hizi. Akacheka kidogo, kicheko kibaya, akachukua kikombe chake.

Kwangu hakusema asante wala laana. Sikuwa nastahili chochote kati ya hivyo.


Ijumaa, 23 Machi 2018

Maturubai ya sherehe yameshushwa. Viti vimerudishwa kwa lori. Waliokuwa kwenye orodha ya wale kumi na wawili wamenipita koridoni, watatu kwa pamoja, wakaacha kuongea. Mmoja nilimsimamia mradi wa shahada ya kwanza. Alitazama viatu vyangu.

Ujumbe wa Celina: "Wamechukua kadi yangu ya mlango. Umetosheka?"

Nimeandika majibu matano nikafuta yote. Niliandika: "Nilikupenda." Nikafuta pia.

Chuo kimenipa barua. Nisifundishe, nisiingie maabara, nisiguse data mpaka niitwe mbele ya kamati. Naweza kufutwa kabisa. Profesa Riungu ameandika kustaafu mapema. Katibu wake analia huku anafunga vitabu kwenye makatoni.


Jumapili, 25 Machi 2018. Kibugu

Tumekuja kwa mama. Mvua imeanza, chai imechipua, kila mtu ana haraka. Nilimfuata shambani nikamweleza huku anachuma. Hakuacha kuchuma. Yeye mwenyewe ni mgonjwa wa presha, yumo kwenye orodha yetu ya Kibugu, namba zake ni za kweli, nilizipima mwenyewe.

Nikamweleza kuhusu barua, kamati, Celina, tuzo, tai ya mzee, vijana kumi na wawili. Nilizungumza mistari miwili mizima ya chai. Nikamwambia sijui nitakuwa nani sasa.

Akatupa majani kikapuni mgongoni, akauliza, "Na hao watu wa Laare, wanapimwa na nani?"

Nikasema uchunguzi utaamua...

"Sijauliza uchunguzi. Wale thelathini na mmoja waliobaki. Leo. Wanameza nini?"

Nilisimama pale na matope mpaka kwenye kifundo. Mwezi mzima! Mwezi mzima nimeenda, nimerudi, nimelia, nimepiga magoti, nimechapisha orodha — na mashine ya presha ilikuwa kwenye mkoba wangu siku zote. Sikumfunga hata mtu mmoja mkanda! Hata Idrisi! Nilikuwa nahesabu namba za uongo. Za kweli sikuzitafuta.

Mama ameendelea na mstari wake.


Jumamosi, 31 Machi 2018. Laare

Tuko kwenye uwanja wa kanisa la Methodisti, kesho ni Pasaka, kina mama wanafagia. Rahema, nesi wa zahanati hapa, amekubali kutumia siku yake ya mapumziko. Niliongea naye Jumatatu. Alisema, "Dada, mimi sikuwa hata najua kuna orodha." Yeye ndiye anapima, ndiye anaamua dawa na nani aende Maua. Mimi naandika kwenye daftari la shule. Data za chuo siruhusiwi kuzigusa. Hizi si za chuo, daftari linabaki na Rahema.

Kiambi amewaita. Sikutegemea waje. Wamekuja ishirini na watatu mpaka sasa, na wengine ambao hawakuwa kwenye orodha yoyote.

Mzee wa kwanza, 178 kwa 104. Wa pili, 192 kwa 110. Nikamwomba Rahema apime tena. Ileile. Katika ishirini na watatu, kumi na tisa wako juu sana. Huko kwenye makala tuliandika wanne. Mama mmoja aliuliza kama mashine imeharibika, kwa sababu alisikia Laare ni wazima.

Wawili wameshatumwa Maua kwa boda. Elphas amepiga, kamati ni Jumatano, saa tatu. Nimemwambia sawa, na nilipolisikia hilo neno mdomoni mwangu nikakata simu.

Saa saba na nusu amekuja Mama Hidaya. Sikumuita. Nisingethubutu. Amemwacha Idrisi na binti wa jirani. Akasimama foleni kama wengine, akafika, akamwambia Rahema kwamba hajawahi kupimwa maishani, mgonjwa alikuwa mzee, yeye ni wa kumgeuza tu. Kichwa kinamuuma tangu Ramadhani iliyopita. Anadhani ni usingizi.

Akakunja mkono wa buibui. Hajanisalimia.

Rahema akampima. Akaangalia mashine, akaniangalia mimi. Akapima tena mkono mwingine. Kisha akamwambia akae kimya, asiongee, dakika tano, watapima mara ya tatu. Amekwenda kutafuta gari. Si boda — gari. Ndizo dakika ninazoandika hapa, kando yake, kwenye benchi moja.

Sasa hivi amenigeukia. Ndiyo mara ya kwanza leo ananiangalia usoni.

"Ni ngapi?"

Rahema bado yuko barabarani, namwona anasimamisha magari. Nilitaka kusema tungoje. Nilitaka kusema si mbaya sana, mama.

"Mia mbili na kumi na nne, kwa mia moja na ishirini na mbili."

"Hiyo ni nzuri?"

"Hapana, mama. Hiyo ni mbaya sana."

Ametikisa kichwa kukubali, polepole, mara moja. Anasema mkono wa kulia umeanza kufa ganzi, tangu asubuhi, hakutaka kusumbua foleni. Nimeushika. Naandika kwa wangu wa kushoto, herufi zinaenda ovyo. Rahema anakimbia kuja huku na nyuma yake kuna gari. Naacha hapa, nimshike asimame.